Nguruwe Aliyefupisha Dua

Hodi ya hadithi!
— Karibu, mkeka umetandikwa.
Mpo nyote?
— Tupo tuliobaki.
Na wasiokuwepo?
— Wapo kwa Mungu.
Basi kaeni. Hadithi hii haina haraka.

Hapo kale, katika nchi ya Wayunani, wanyama walikuwa na miji. Nchi yenyewe ilikuwa milima na mawe, mawe na bahari, na ardhi ya kulima ilikuwa ndogo kama kiganja. Kila bonde lilikuwa na mji wake, kila mji ulijiita nchi, na kila nchi ilimtazama jirani kwa jicho la pembeni. Lugha yao ilikuwa moja. Miungu yao ilikuwa ile ile, nayo ilikuwa mingi, Mungu awasamehe, habari zilikuwa hazijawafikia. Walicheza pamoja, wakaoana, wakazikana. Kisha wakauana.

Pwani ulikuwako mji wa Bundi. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu husoma dua. Kwa Wayunani alikuwa ndege wa hekima. Nani kati yetu na wao alijua zaidi, tutaona. Bundi alikuwa na merikebu nyingi, na visiwa vidogo vilimlisha vikitaka visitake. Naye alipenda kusema. Mjini kwake hapakukatwa hata ukuni mmoja kabla ya mkutano kukaa na hotuba kutolewa.

Bara ulikuwako mji wa Nguruwe-mwitu. Huyu alikuwa na nguvu, meno na tumbo. Alikula cha kwake, akala cha jirani, akauliza kama kimebaki. Lakini fahari yake kubwa ilikuwa maneno machache. Maneno marefu, alisema, ni ya Bundi. Akitaka chakula: "Leta." Akitaka mgeni aondoke: "Toka." Hata mbele ya madhabahu, mvua ikichelewa, alipiga kwato chini, tu! akasema, "Mvua. Leta." Na askari wake wote wakajifunza kusema hivyo hivyo, na aliyeongeza neno alichekwa.

Katikati ya miji hiyo miwili kilikuwako kijiji cha makalunguyeye. Kalunguyeye mnamjua: mnyama mdogo wa miiba, akiona hatari hujikunja akawa duara, akaingoja dunia ipite. Hapo aliishi mama mmoja mjane na mwanawe wa pekee. Siku mwana alipozaliwa alikuwa amejikunja mno, hata mkunga akamgeuza huku na huku akiutafuta uso.

"We dada," mkunga alisema, "hukuzaa mtoto, umezaa kidonge!"

Jina likabaki. Mwana akawa Kidonge, mama akawa Mama Kidonge, na jina lake la usichana likasahauliwa, kama ilivyo ada.

Sasa, vita vilianzaje?

Ukimwuliza Bundi, atakwambia Nguruwe aliingia Uwanda wa Mitini. Uwanda huo ulikuwa wakfu, mali ya Aliye Mlimani, mkubwa wa miungu yao; haulimwi, haulishwi, na tini zake huanguka zenyewe zikaozea hapo. Ukimwuliza Nguruwe, atakwambia, "Bundi. Ukuta," na hatakwambia zaidi. Lakini ukimwuliza Mama Kidonge, aliyekaa katikati akiwaona wote wawili, atakwambia hivi: Bundi alijenga ukuta, Nguruwe akauona ukuta, asipate usingizi. Nguruwe akanoa meno, kwiri-kwiri, kwiri-kwiri. Bundi akasikia yakinolewa, akauongeza ukuta. Ukuta ukapanda, meno yakanolewa. Meno yakanolewa, ukuta ukapanda. Hakuna aliyekuwa na njaa. Walikuwa na hofu, na hofu haishibi.

Na makalunguyeye waliingiaje? Waliingia kwa kiapo. Zamani Nguruwe alikuja mlangoni kwao na jeshi lake, akasema, "Apeni." Wazee wakaapa: adui yako ni adui yetu, rafiki yako ni rafiki yetu, na neno lako ni neno letu. Wakasema baadaye, ni maneno tu. Basi siku Nguruwe alipopata adui, maneno yale yakaja kumchukua Kidonge.

Alipomaliza siku za mafunzo akaja kuaga, na mama yake akamsindikiza mpaka kisimani. "Mwanangu," alisema, "ukiona mambo yamekuwa mabaya, jikunje."

Kidonge akainama. "Mama, kule wamekataza. Wanasema kujikunja ni aibu. Tunafundishwa kusimama wima kwenye mstari, ngao kwa ngao."

"Kalunguyeye na kusimama wima, wapi na wapi?"

"Ndivyo nao wanavyocheka, mama. Lakini nimeanza kuweza."

Akaenda. Akageuka mara moja, akiwa amenyoosha mgongo ili mama aone.

Wakapigana katika Uwanda wa Mitini toka alfajiri hadi jua kutua. Ngao kwa ngao, kwa! kwa! kwa! Jioni kila mmoja alikuwa amechoka mahali pake. Bundi akasimamisha gogo upande wake, akalitundikia ngao, akasema nimeshinda. Nguruwe akasimamisha gogo upande wake, akalitundikia ngao, akasema, "Mimi." Na katikati ya magogo hayo mawili wakabaki waliolala.

Hapo ndipo penye fundo la hadithi, kwa hiyo sikilizeni polepole. Wayunani walikuwa na sheria ya vita. Vita vikiisha, anayetaka maiti wake humwendea mpiga mbiu na kusema: naomba wafu wangu. Akisema hivyo atapewa wote, na hakuna atakayemgusa. Lakini akisema hivyo, amekiri. Aliyeomba ndiye aliyeshindwa.

Bundi hakuomba. Nguruwe hakuomba. Kunguru wakaja, kwaa, kwaa, wakatua juu ya mitini wakitazamana, kama wageni waliofika karamuni kabla ya wenyeji.

Habari ikafika kijijini kwamba Kidonge yumo miongoni mwa waliolala. Mama Kidonge hakulia. Alifunga kanga yake kiunoni, akatoka. Hakutaka uwanda, hakutaka ushindi, hakutaka kujua nani ana haki. Alimtaka mwanawe amzike. Basi.

Akaenda, chaka-chaka, chaka-chaka, mpaka kwa Korongo. Korongo ndiye aliyekuwa mpiga mbiu, ndege wa miguu mirefu, asiye wa huku wala wa kule.

"Bwana Korongo, naomba maiti wa mwanangu."

Korongo akainamisha shingo. Kwa kweli alimwonea huruma. "Mama, pole sana. Kijiji chenu kiliapa: neno la Nguruwe ni neno lenu. Ukiomba wewe, sheria haikusikii. Lazima aombe yeye."

"Na asipoomba?"

Korongo akawatazama kunguru.

Akaenda, chaka-chaka, chaka-chaka, mpaka kwa Bundi. Akamkuta juu ya jiwe la mkutano, akipepesa macho kwa mwanga wa mchana.

"Mheshimiwa, niruhusu nimchukue mwanangu."

"Huu-huu!" Bundi akasafisha koo. "Mama yetu mpendwa, swali lako ni zuri, nami nitalijibu kwa pande zote. Kwanza, kifo ni nini? Pili, mwana ni wa mama, au ni wa mji? Tatu..." Akasema mpaka kivuli cha jiwe kikahama. Wasikilizaji wakapiga makofi. Mwishoni Mama Kidonge akauliza, "Kwa hiyo ndiyo au siyo?"

"Siyo," alisema Bundi. "Nguruwe aombe kwanza."

Akaenda, chaka-chaka, chaka-chaka, mpaka kwa Nguruwe. Akamkuta anakula.

"Bwana Mkubwa, waombe wafu wetu. Neno moja tu, nao watarudi nyumbani."

Nguruwe akatafuna. "Naomba?" alisema. "Silijui."

"Ni neno dogo, bwana."

"La wadogo. Toka."

Askari wakacheka, kho! kho! kho! Mmoja akasema, "Bwana kamaliza." Mwingine akasema, "Toka!" kwa sauti ile ile ya bwana wake, wakacheka tena.

Mama Kidonge akatoka. Akakaa chini ya mtini wa mwisho, pembezoni mwa uwanda, mahali palipotoka harufu. Kunguru mmoja akamwambia, "Mama, nenda nyumbani. Haya si ya kutazama." Hakwenda. Akasali. Alisali kama alivyofundishwa na mama yake, dua yote toka mwanzo hadi mwisho, bila ya kuruka neno. Alipofika pale panaposema *nawaombea wafu wangu*, akalirudia neno lile polepole. Nawaombea. Akalikata mbele, akalikata nyuma, akaona kilichobaki. Naomba.

Akainuka, akapangusa macho, akarudi kwa Nguruwe.

"Wewe tena," alisema Nguruwe. "Toka."

"Natoka, Bwana Mkubwa. Nilitaka tu kukupa pole kwa ajili ya Uwanda wa Mitini."

Nguruwe akaacha kutafuna. "Pole?"

"Si nasikia Bundi ataurithi."

"Vipi?"

"Mimi ni mama wa kijijini, sijui mambo makubwa. Lakini wazee wetu husema: ardhi ya wakfu haina mwenyewe, ila wafu wakilala juu yake inakuwa yao, maana mfu hafukuzwi. Na mrithi wa wafu ni nani? Ni yule anayewaombea. Sasa kama Bundi atatangulia kuwaombea..."

Wazee walisema hivyo kweli? Labda walisema. Wazee husema mengi, na waliokuwa wakiyakumbuka walikuwa wamelala uwandani.

"Mitini yote?" aliuliza Nguruwe.

"Yote, bwana."

"Upande wa Bundi?"

"Wafu wamelala pande zote."

Mate ya Nguruwe yakadondoka, do, do, do. Alipenda tini kuliko alivyompenda mtu yeyote. "Nitawaombea," alisema. Kisha akakaza macho. "Kuombea. Si kuomba?"

"Bwana wangu! Kuombea ni dua, na dua ni ya wafalme. Kuomba ni kwa mimi na wenzangu. Tena si mbali, ni pale pale kwenye gogo lako. Lakini awepo Korongo. Dua isiyo na shahidi haina urithi."

"Dua. Leta."

Mama Kidonge akamtamkia polepole: "Ewe Uliye Mlimani, mimi Nguruwe nimesimama hapa, nawaombea wafu wangu waliolala katika uwanda huu, uwapokee kwa upole, uwapumzishe, na mama zao uwape subira."

Sauti yake ilikatika kidogo pale mwishoni, lakini Nguruwe hakusikia. Alikuwa anakunja uso.

"Ndefu."

"Usiipunguze, bwana wangu, nakusihi."

"Mimi Bundi?"

"Hapana, bwana, lakini dua haikatwi matawi kama mti. Mama yangu alinifundisha kila neno lina..."

"Nani akataze?" Nguruwe akawageukia askari wake. "Nifupishe?"

"Fupisha!" wakajibu wote.

Mama Kidonge akainamisha kichwa. "Basi mapenzi yako, Bwana Mkubwa. Mimi nilikwambia."

Wakaenda uwandani. Nguruwe mbele, tu! tu! tu! askari nyuma, na nyuma kabisa chaka-chaka, chaka-chaka. Korongo akaitwa, akaja na miguu yake mirefu. Bundi naye akatokea upande wa pili na mkutano wake wote, kwa sababu hakuna kitu kinachotokea bila wao kutaka kukijadili.

Nguruwe akasimama kwenye gogo lake. Akavuta pumzi. Akaitazama mitini, imezaa mpaka matawi yameinama. Dua yote akaikusanya kinywani, akaitafuna, akameza mwanzo, akameza mwisho, akatema kilichobaki:

"NAOMBA WAFU WANGU!"

Kunguru wakaruka kutoka mitini.

Korongo akasogea. "Samahani, Bwana Nguruwe. Sheria inataka niulize. Umesemaje?"

Nguruwe alichukia kurudia neno. "Huna masikio? Naomba wafu wangu!"

"Kwa hiari yako?"

"Nani anilazimishe?"

"Mbele ya mashahidi hawa?"

"Mbele ya dunia!"

Korongo akainua mdomo wake mbinguni, akaugonga, kata-kata-kata-kata! Sauti ikavuka uwanda mzima. "Sikieni, miji yote! Nguruwe ameomba wafu wake! Vita vimekwisha! Apewe wote, na asiguswe mtu!"

"Huu-huu!" wakalia watu wa Bundi. "Ameomba! Ameshindwa!"

Nguruwe akageuka huku na huku. "Nani ameshindwa? Nilikuwa naomba!"

"Ndiyo," alisema Korongo, "tumekusikia. Umeomba."

"Sikuomba! Niliomba!"

"Ndivyo, bwana. Uliomba."

"Siyo KUOMBA! Kuomba!" Akapiga kwato, tu! Povu likamtoka. Alilitafuta lile neno refu, lakini alikuwa amelimeza, na siku zote alikuwa amekula maneno yake hivyo, hata tumboni hakujua lilipo. Askari wake walitaka kumsaidia. Wakafungua vinywa. Lakini nao walikuwa wamejifunza kwake, na kila mmoja akatoa neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa lile lile.

Mama Kidonge hakungoja kusikia mwisho. Alikuwa ameshaingia uwandani.

Alitembea katikati yao. Walikuwamo wa Nguruwe na wa Bundi, na kwa mbali hukuweza kuwatofautisha. Wamelala chali, wamelala kifudifudi, wamenyooka kama walivyofundishwa. Alimtafuta kalunguyeye aliyenyooka. Hakumwona. Akamtafuta tena. Mwisho, chini ya ngao kubwa isiyo ya kimo chake, akaona duara dogo la miiba.

Alikuwa amejikunja.

Mambo yalipokuwa mabaya kabisa, pale ambapo hakuna aliyekuwa akimtazama kumcheka, Kidonge alikumbuka neno la kisimani. Lakini alikumbuka akiwa amekwisha kuchomwa.

Mama akakaa chini. Akamgeuza huku, akamgeuza huku, akiutafuta uso, kama mkunga siku ile. Hakuupata. Mwili ulikuwa umekwisha kukakamaa. Wanawake wa kijijini waliokuja kumsaidia wakasema, "Mama Kidonge, tumnyooshe, ndivyo wafu wanavyolazwa."

"Mwacheni," alisema. "Wamemnyoosha vya kutosha."

Wakamchimbia kaburi la duara. Hakuna aliyekuwa amewahi kuchimba kaburi la namna ile. Halikuchukua muda.

Hadithi ingekuwa njema kama ingekomea hapo. Lakini mwaka uliofuata Nguruwe alirudi. Safari hii hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Bundi alisema, "Uliomba." Nguruwe akasema, "Niliomba." Wakapigana kwa ajili ya silabi mbili, na wenye elimu waliposimulia baadaye chanzo cha vita vile walitaja ukuta, wakataja bahari, wakataja kiapo, na dua hawakuitaja. Na kijiji cha makalunguyeye kikatoa wana wengine, kwa sababu kiapo kilikuwa bado kiapo.

Jioni ya vita vile maiti wakalala tena kati ya magogo mawili. Mama zao wakaja kwa Mama Kidonge. "Dada, twende. Mfundishe Nguruwe dua nyingine."

Wakaenda naye. Lakini Nguruwe alikuwa amejifunza. Alikuwa amepiga marufuku kusali katika mji wake wote, kwa kirefu na kwa kifupi. Mama Kidonge aliposema, "Bwana Mkubwa," Nguruwe alifumba mdomo, meno juu ya meno, na hakusema hata "Toka."

Wakarudi mikono mitupu. Kunguru hawakutazamana tena, waliijua njia.

Tangu siku ile Mama Kidonge alikuwa akienda kila asubuhi kwenye kaburi lile la duara. Wale mama wasio na kaburi walikuja kukaa naye, kila mmoja na mwanawe moyoni, wakalifanya kaburi moja liwe la wote. Naye akawasomea dua nzima, toka mwanzo hadi mwisho, kwa sauti. *Nawaombea wafu wangu.* Hakukata neno.

Basi, funzo la hadithi ni nini?

Funzo ni hili, mlishike: mwenye nguvu haombi. Asiyeomba hashindwi, na mfu ni mzigo tu wa kumwachia kunguru. Kwa hiyo nyinyi mliozika, msiwaombee wenu. Mkisikika mkiwaombea, watu watasema mmeshindwa.

Na wakisema hivyo, waitikieni, "Ndiyo, tumeshindwa." Kisha endeleeni kuomba.

Hadithi inaaga!
— Iende salama.
Imemwacha nani?
— Imetuacha sisi.
Basi ukunjeni mkeka. Ukunjeni polepole.
— Tumeukunja.
Amina.